Kanzu Ndogo ya Samweli

Masomo: 1 Samweli 1:21–28, 2:18–21, 3:1–18



Kila mwaka, tangu matokeo ya kidato cha sita yatangazwapo, ambayo kwa kawaida ni mwezi wa Julai, mpaka vyuo vifunguliwe, nyumba nyingi za Mafiga hazilali usingizi mzuri. Mtoto ameshika simu, baba anauliza kila jioni kama majibu yamekuja, na mama anahesabu fedha za vitumbua akiona hazitoshi hata nauli. Wengine mtasema kwamba maombi ya vyuo ni mambo ya ofisi, wala hayahusu mimbari. Lakini Maandiko yanayo habari ya mama aliyemtayarisha mwanawe tangu mchanga kwa ajili ya kuondoka nyumbani, nayo imeelezwa kirefu, hata nguo aliyomshonea imetajwa. Basi tuisome pamoja.

Hana alimwomba Mungu mtoto kwa machozi, akapewa Samweli, na alikuwa ameweka nadhiri kumtoa kwa Bwana. Angalieni alivyofanya. Elkana alipokwenda Shilo mwaka ule, Hana hakwenda naye. Alisema atangoja mpaka mtoto aachishwe kunyonya. Elkana akakubali, wala hakumharakisha. Hapo kwanza nawapa heshima wazazi hawa wawili, maana walikuwa wamepatana. Ni nyumba ngapi kwetu ambamo baba ameamua mtoto asomee uhasibu, mama ameamua uuguzi, na mtoto mwenyewe anasikia habari hizo kutoka chumba cha pili?

Muda ulipotimia, Hana hakwenda mikono mitupu. Alichukua ng'ombe, na unga, na kiriba cha divai. Vitu hivyo havipatikani kwa siku moja. Yule mama alikuwa amejiwekea kidogo kidogo miaka yote ile mtoto aliponyonya. Sisi je? Tunajua tangu mtoto anapoingia kidato cha kwanza kwamba, Mungu akijalia, miaka sita baadaye atagonga mlango wa chuo. Serikali imeondoa ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Nafuu hiyo ni kubwa, na wazazi waliosomesha kabla yake wanaijua thamani yake. Lakini wengi wetu tumeipokea nafuu hiyo kama ruhusa ya kutojiwekea chochote. Kisha majibu ya chuo yanakuja, na wiki ile ile tunaanza kuzunguka kwa ndugu.

Na hapa niseme jambo juu ya ndugu. Waluguru wa milima hii wanajua tangu zamani kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwamba mjomba ana neno na ana wajibu. Figa moja haliinjiki chungu, nasi tunaoishi katika mtaa wenye jina la Mafiga tungepaswa kulijua hilo kabla ya watu wa mitaa mingine. Lakini mjomba aliyeko Mgeta, anayeishi kwa kabichi na viazi, hawezi kuitwa siku ya Jumatano aje na laki tatu siku ya Ijumaa. Mwiteni mtoto akiwa kidato cha tano. Mkalishe na mjomba wake, na shangazi zake, na baba wadogo, wamsikie anataka nini, nao waseme wanaweza nini. Kwa harusi tunaunda kamati miezi sita kabla, tunachapa kadi, tunakumbushana kwa simu mpaka mtu anaona haya. Sijaona bado kamati ya namna hiyo kwa ajili ya msichana anayekwenda kusomea udaktari wa mifugo.

Turudi kwa Hana. Imeandikwa kwamba kila mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo, akampelekea alipokwenda Shilo na mumewe kutoa dhabihu. Kila mwaka kanzu mpya. Kwa nini? Kwa sababu mtoto alikuwa anakua, na kanzu ya mwaka jana haikumtosha. Naye Hana hakuwa akimwona kila siku. Ilimpasa afikiri: sasa ana kimo gani, mabega yake yamepanuka kiasi gani? Ilimpasa aulize wasafiri waliotoka Shilo. Mama yule alishona kwa kipimo cha mtoto aliyeko, na kipimo hicho kilibadilika kila mwaka.

Wazazi wengi tumekwisha kushona kanzu siku mtoto alipozaliwa. Tulisema, "Huyu ni daktari," na tangu siku hiyo hatujapima tena. Mtoto anapata alama nzuri katika Jiografia na Historia, na katika Fizikia anaanguka kila muhula, lakini kanzu imekwisha kushonwa, lazima aivae. Ndugu zangu, tuelewe jinsi milango ya vyuo inavyofunguka, maana inafungwa mapema kuliko tudhanivyo. Mtoto amalizapo kidato cha nne anaulizwa tahasusi anayoitaka, yaani yale masomo matatu atakayoyasoma kidato cha tano na cha sita. Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Anayetaka kusomea udaktari wa binadamu hana budi kuwa na Fizikia, Kemia na Baiolojia. Aliyechukua Historia, Jiografia na Lugha amekwisha kuufunga mlango huo, hata kama miaka miwili baadaye atapata daraja la kwanza. Si dhambi kuufunga, na pengine ni hekima. Lakini aufunge akijua, na mzazi wake ajue pia, wasije wakashangaa pamoja mwezi wa Julai.

Tena Tume ya Vyuo Vikuu imeweka kipimo cha chini. Kwa waliomaliza kidato cha sita tangu mwaka 2016, mtu anatakiwa awe na ufaulu katika masomo makuu mawili, jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kipimo cha kuingia mlangoni tu. Kozi nyingi zinataka zaidi, na kila mwaka Tume hutoa kitabu cha mwongozo kinachoeleza kozi kwa kozi. Mzazi aliyesoma mpaka darasa la saba aweza kukaa na mwanawe jioni mbili au tatu, mtoto asome kwa sauti, mzazi asikilize. Nawahakikishieni hakuna Kigiriki ndani yake.

Kuna mama mwingine katika Agano Jipya, mke wa Zebedayo. Alimwendea Bwana Yesu na wanawe wawili, akapiga magoti, akaomba wapewe viti, mmoja kuume na mmoja kushoto katika ufalme. Tusimcheke. Alikuwa mzazi kama sisi, na alifanya tunavyofanya tunapomtafuta mtu tunayemjua ndani ya chuo. Lakini Bwana hakumjibu mama peke yake. Aliwageukia vijana wenyewe akawauliza kama wataweza kukinywea kikombe chake. Mama aliona kiti, Bwana akauliza kikombe. Wazazi wenzangu, tumewahi kuwauliza watoto wetu habari za kikombe? Udaktari una zamu za usiku na damu. Ualimu una shule iliyo mbali na barabara. Kilimo kina matope. Anayetaka kusoma SUA kwa sababu ni karibu na nyumbani na chakula atakula kwa mama, amechagua chakula, kozi bado hajachagua.

Na kwa kuwa nimeitaja SUA, niseme linaloniudhi kidogo. Chuo kile kilizaliwa mwaka 1984 kutokana na Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa hapa hapa Morogoro. Sisi wa Mafiga tumekaa jirani nacho miaka hii yote. Tunawapangishia wanafunzi vyumba, tunawauzia chapati na mkaa. Tunajua lini wanafunga na lini wanafungua, maana biashara inategemea. Lakini mwulize kijana wa mtaa huu kozi zinazofundishwa pale, atakutajia kilimo, kisha atanyamaza. Hajui habari za misitu, wala wanyamapori, wala ufugaji wa samaki, wala sayansi ya mazingira. Watoto wa Kagera na Mbeya wanajua, ndio tunaowapangishia vyumba. Wapangaji wetu ni watu wa kuulizwa, na wengi wangefurahi kuulizwa.

Sasa nakuja kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni maombi ya mkopo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi mwaka 2005, na maelfu ya watoto wa watu maskini wamesoma kwa njia hiyo. Katika fomu zake mwombaji hueleza hali ya wazazi wake. Aliyefiwa anaambatanisha cheti cha kifo, na vyeti vya kuzaliwa na vya vifo huhakikiwa na RITA. Kiongozi wa serikali ya mtaa anatia sahihi, na hakimu au wakili anashuhudia kiapo. Mdhamini naye anatia sahihi yake.

Wapendwa, lipo jaribu hapa, nalo linawakuta Wakristo. Mtu huambiwa na jirani, "Andika kwamba baba amefariki, mtoto atapata asilimia kubwa." Naye baba yuko hai, ameketi barazani anakunywa chai. Huyo ameuawa kwa kalamu, na kalamu ameishika mtoto wake mwenyewe, na mama amesimama nyuma akimwelekeza. Mtasema ni karatasi tu. Lakini fedha za mfuko ule zina kikomo. Akipewa asiyestahili, aliye yatima kweli, labda wa hapa hapa kwenye parishi yetu, anapungukiwa. Tena fikirini ni somo gani la kwanza mtoto analolipata chuoni. Kabla hajafika darasani, amekwisha kufundishwa na wazazi wake kwamba mlango wa elimu hufunguliwa kwa uongo wenye muhuri. Baadaye atakuwa mhasibu wa halmashauri, au mganga, au mchungaji, naye tutashangaa amejifunza wapi.

Aliye maskini na aandike umaskini wake bila aibu. Mama anayeuza mboga aandike mboga. Na kila mmoja ajue kwamba ule ni mkopo, na anayedaiwa ni mtoto. Akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Mwaka 2021 iliondolewa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha iliyokuwa inalifanya deni likue kila mwaka, na wengi wamepumua. Deni lenyewe lipo pale pale. Mtoto aambiwe habari hizo kabla hajatia sahihi.

Jambo dogo lakini limewaliza wengi: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana, cheti cha kidato cha nne kinasema John, na la tatu lililoandikwa kwenye kitambulisho ni la babu. Kila karatasi ni mtu mwingine. Kurekebisha hayo kunataka kiapo, na pengine safari zaidi ya moja, na dirisha la maombi halingoji. Basi mkague majina mtoto akiwa bado kidato cha tatu. Nasi wa kanisa tunahusika, maana yako majina tuliyoyaandika kwenye vitabu vya ubatizo kwa namna yetu na mwalimu wa shule akayaandika kwa namna yake. Anayeleta mtoto kubatizwa na alete na cheti cha kuzaliwa, jina liandikwe herufi kwa herufi.

Tena maombi ya chuo kikuu hupelekwa moja kwa moja kwenye chuo chenyewe. Ule utaratibu wa kuomba vyuo vyote kwa mfumo mmoja wa Tume, ulioanza mwaka 2010, umekwisha kuachwa. Anayekuja mlangoni akisema yeye ni wakala na anazo nafasi, mpeni maji ya kunywa, aende zake. Tume yenyewe imeonya juu ya watu hao mara nyingi.

Wazee mnaokumbuka mnajua kwamba taratibu za kuingia chuo zimegeuka mara nyingi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kijana hakutoka kidato cha sita akaingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Ilimpasa kwanza afanye kazi, kisha mwajiri na Chama waseme yeye ni mtu wa namna gani. Utaratibu ule ulikuwa na matatizo yake, ukalegezwa katika miaka iliyofuata. Lakini swali lile la tabia lilikuwa swali la haki. Siku hizi hakuna fomu inayoliuliza. Limebaki kwetu nyumbani, na kwenye darasa la kipaimara.

Nimesema habari za Hana kana kwamba Shilo palikuwa mahali pasafi. Hapakuwa. Wana wa Eli, Hofni na Finehasi, walikuwa makuhani waovu, walichukua nyama ya dhabihu kwa nguvu na walilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Ndipo pale Hana alipompeleka mtoto wake. Nawasikia wazazi wanaosema hawawezi kumpeleka binti chuo kikuu kwa sababu ataharibika huko. Hofu hiyo ina msingi, na haifai kuifunika. Wapo wakufunzi wanaodai mwili wa msichana kwa ajili ya alama. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja jambo hilo kuwa kosa la jinai. Binti aambiwe hivyo na mama yake kwa maneno yaliyo wazi, aambiwe pia kwamba akikutwa na jambo hilo aje nyumbani aseme, na hatapigwa. Kumfungia nyumbani hakumlindi. Na yule aliyepata mimba akiwa shuleni, tangu Novemba 2021 Serikali imefungua mlango arudi masomoni baada ya kujifungua. Kanisa lisiwe mahali pa mwisho panapomfungia.

Tumalizie kwa mzee Eli. Macho yake yalikuwa yamepofuka, na nyumba yake ilikuwa imeharibika. Lakini usiku ule mtoto alipomjia mara ya kwanza na ya pili akisema ameitwa, Eli hakumkemea kwa kumwamsha. Mara ya tatu akatambua ni nani anayeita. Sauti yenyewe Eli hakuisikia. Alichokijua ni namna ya kuitika, akamfundisha mtoto maneno ya kujibu, akamrudisha akalale. Nawaambieni ninyi mnaosema, "Sisi hatukusoma, kompyuta hatuijui, tutamsaidiaje?" Mko mahali pa Eli. Hamhitaji kuiona ile kompyuta. Mtoto ajapo mara tatu usiku na wasiwasi wake, amkeni.

Asubuhi yake Eli akamwuliza Samweli ameambiwa nini, akamsihi asimfiche hata neno moja. Samweli aliogopa, kwa maana ujumbe ulikuwa mchungu na ulimhusu mzee mwenyewe. Akamweleza yote, na Eli akayapokea. Ni wazazi wangapi kati yetu ambao mtoto anaweza kuwaambia, "Baba, kozi uliyonichagulia siitaki," au, "Mama, nimepata daraja sifuri," naye akabaki salama? Mwezi wa matokeo kijana aweza kukaa na habari mbaya kifuani siku tatu nzima. Ni hatari kubwa, kubwa kuliko kukosa chuo. Ulizeni kwa upole, tena ulizeni mapema.

Na aliyekosa pointi hajakosa njia. Chuo cha VETA kipo Kihonda, Chuo cha Ualimu kipo Kigurunyembe, vyuo vya stashahada viko vingi, na mwenye stashahada nzuri huingia chuo kikuu kwa mlango huo. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu ambao maisha yao hayakwenda kwa mstari mmoja. Kanisa letu nalo lilifungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana Dodoma mwaka 2007, katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Mazengo. Kwenye matangazo ya Jumapili tumezoea kuwasimamisha waliochaguliwa tukawapigia makofi. Naomba wazee wa kanisa wafikiri tena juu ya desturi hiyo, kwa sababu aliyekaa kwenye benchi la nyuma anayasikia makofi yale.

Walio watumishi pale SUA, Mzumbe na kwenye ofisi za Manispaa, pamoja na walimu wetu wa sekondari, nawaomba mbaki baada ya ibada ya pili kwa Jumapili nne zijazo, kila mmoja akae na kijana mmoja na vyeti vyake. Umoja wa Mama wameahidi chai. Vijana waje na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, na mzazi au mjomba.

Bwana awabariki.